Kijiti Hakipimi Upana

Endebess, kupitia Kitale
Jumapili, 17 Oktoba 2004

Mpendwa mdogo wangu Bramwel,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U mzima? Na kile kikohozi, kilipona? Baridi ya huko Leeds imekuachilia au bado unalala na soksi? Sisi tunapumua. Joy na mdogo wake hawajambo, na mahindi ya watu yamekauka, yanatungoja tuyavune. Mama yuko Bungoma na presha yake, lakini ungeisikia sauti yake ungesema ni msichana.

Najua utashangaa kupata barua na juzi tu tumeongea kwa simu. Ulipouliza kama zile raba ulizonitumia zinanitosha, nilikuwa nimeenda kumwona Mama, naye amekaa karibu nami, ametega sikio, nikasema zimenikaa vizuri sana. Bramwel, hazinitoshi. Nimechoka kudanganya, kwa hivyo nakueleza wewe peke yako.

Wajua kwa nini nilizitaka. Tangu Hesbon wangu atuache na kwenda zake mbinguni, napalilia mashamba ya watu, leo naitwa, kesho siitwi. Kikundi cha waongoza wageni Mlima Elgon kilipotangaza kwamba kinatafuta mwanamke mmoja, nilisema Mungu amenikumbuka. Njia za mlima nazijua, Kiingereza changu si kibaya, na pumzi ninayo. Walichotaka ni viatu tu: vyepesi, vya kufunika mguu, vya kutembea kutwa nzima.

Viatu tu, na mimi nimerithi miguu ya Baba! Si wewe pia unatembea nayo? Kisigino chembamba, halafu huku mbele imetanuka kama jembe. Mitumba ya Kitale niliimaliza. Vya kike vinanibana. Vya kiume vikinitosha upana vinakuwa virefu, kisigino kinacheza humo ndani hadi kinachubuka. Gambuti za mpira zinaniingia, lakini ni nzito, ukifika penye mianzi umeshachoka. Akala za tairi ndizo zangu, ila Kang'ethe, kiongozi wa kikundi, alisema vidole nje hataki, ati visiki vya mianzi vitanichoma.

Ndipo Mama akasema tukutumie kipimo. Unamjua. Akakata kijiti cha mpera, akakilaza chini ya wayo wangu kutoka kisigino, akakivunja palipoishia kidole gumba, akampa Agneta alipokuwa anakuja huko kusomea unesi. Ni vile vile alivyotununulia viatu vya shule miaka yote ile. Nawe ukaingia nacho dukani, wazungu wakikutazama, ukakitia ndani ya raba, kikaingia sawa. Hukukosea, ndugu yangu. Urefu ni wenyewe kabisa. Lakini kijiti kitajuaje upana? Watu wazima sote, na shule yetu, hakuna aliyefikiria hilo. Hata shuleni vile viatu vilitubana, tukadhani ndivyo viatu vilivyo.

Raba zenyewe ni nzuri, nyepesi ajabu. Nilizipeleka kwa fundi mjini azitie mti ndani azipanue. Akasema ngozi ingekubali, lakini hiki kitambaa kimezungushiwa mpira pembeni, kitapasuka tu. Basi nikalegeza kamba, nikaruka matundu ya chini, nikatoa soli ya ndani, nikavaa soksi nyembamba za Joy. Siku ya kujaribiwa nikaenda.

Kupanda nilivumilia. Kushuka ndiko kulikoniua, bana. Kila hatua mguu unasukumwa mbele, vidole vinakunjamana, kile cha mwisho kimelala chini ya mwenzake. Nikabaki nyuma. Wageni wakasimama kuningoja, wakaondoka, wakasimama tena. Mwishowe nilizivua, nikashuka pekupeku mbele ya wageni, damu ikitoka kwenye kucha. Kang'ethe hakunifokea. Alinivuta kando akasema, "Mama Joy, hawa wamekuja kuona mlima. Hawakuja kukungojea wewe."

Kucha zitaota. Hayo maneno ndiyo yananikosesha usingizi.

Nafasi alipewa Jerono, jirani yangu wa ng'ambo ya mto. Nimejaribu kumchukia nikashindwa, ni msichana mwema. Alikuja kuniomba raba kwa sababu zake zilikuwa zimeachana na soli. Nikampa. Zingekaa hapa zikinitazama hadi lini? Alizivaa papo hapo mlangoni, akaruka ruka, zikamkaa utadhani kipimo kilikuwa chake. Jumamosi hupita nazo akielekea geti la mlima, ananiita anisalimie, nami nainama kwenye mahindi ya watu nijifanye sikusikia.

Bramwel, mbele naona giza tu. Usinitumie nyingine, nafasi yenyewe haipo. Lakini wewe ukienda kununua zako, simama juu ya karatasi, usikae, uchore mguu wote kuzunguka. Tena uchore jioni, mguu ukiwa umevimba, na uvae soksi utakazotembea nazo. Vidole vicheze huko mbele, kisigino kitulie. Mimi nimeyajua hayo wakati hayanisaidii kitu.

Msalimie Agneta, ila haya usimwambie. Muchiri wa dukani anakusalimu sana, na Joy anauliza kama theluji inalika. Mungu akufunike huko ugenini, akupe afya, na kazi isiyokuumiza.

Kuna jambo nilikuwa naogopa kuliandika. Mama anajua mimi ni mwongoza wageni. Sikuweza kumwambia. Amewatangazia akina mama wa kanisa kwamba kijiti chake ndicho kilichonipandisha mlima, na kila Jumapili wanaomba mtoto wake asiteleze. Leo pia wameomba. Akikupigia simu kukuuliza, tafadhali mwambie zinanitosha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa hivi,

Nasambu