Muhuri Wangu Mwenyewe

Jumatatu, 4 Mei

Viapo kumi na kimoja kabla ya chai. Vyote vya majina. Cheti kinasema Masanja Shija, kitambulisho kinasema Shija Masanja, mtu ni huyo huyo. Karani wangu, Mama Tatu, anapanga rundo, mimi nasaini na kugonga muhuri. Mkono unakwenda wenyewe. Siku hizi sisomi, naangalia mahali pa kusaini tu.

Fomu ya ubunge iko mezani tangu Ijumaa. Mbunge wetu alifariki, jimbo lina uchaguzi mdogo, chama kimenipitisha mimi. Bado siamini.

Mama Kulwa amerudi kutoka Nkome na majina ya wadhamini. Mjane, umri wa mama yangu, amezunguka mwaloni, ufukweni kwa wauza dagaa, na daftari kwapani. Lake ndilo la kwanza kwenye orodha. Amejitokeza tu mwezi uliopita, sijui nimemfanyia wema gani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mheshimiwa." Nilipenda kuitwa hivyo. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumatano, 6 Mei

Siku ya kurudisha fomu. Mwisho saa kumi jioni.

Nilipanga kula kiapo cha fomu kwa wakili mwenzangu jirani, mlango wa tatu. Wateja hawakuniachia nafasi. Wachimbaji wawili wanagombania duara, shimo lao la dhahabu, wanataka mkataba leo leo. Nyuma yao viapo, viapo, viapo. Saa tisa na nusu nimechomoa fomu kwenye rundo, imesainiwa, ina muhuri, nikarukia bodaboda. Nilijua nimeshaapa. Siku ilikuwa ndefu.

Wamehesabu kurasa, wameona mihuri, wamepokea. Mama Kulwa alipiga vigelegele nje mpaka akakohoa. Nimekula sato mzima peke yangu. Nina furaha ya kitoto.

Alhamisi, 7 Mei

Nimewekewa pingamizi.

La mgombea mwenzangu, lakini aliyeliandika ni wakili wake, Neema. Neema niliyemfundisha kazi miaka mitatu ndani ya ofisi hii. Aya moja tu: mgombea amejiapisha mwenyewe.

Nilicheka. Kweli, nilicheka. Nikaenda kwenye ubao zilikobandikwa fomu.

Aliyeapa: mimi. Aliyeapisha: mimi. Saini yangu mara mbili kwenye ukurasa mmoja, ya pili nzuri kuliko ya kwanza. Chini yake muhuri wangu, wa bluu, umekaa sawasawa.

Nilisoma tena. Mtu hawezi kuapa mbele yake mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Fomu ilikuwa kwenye rundo la viapo. Niliigonga muhuri kama nilivyogonga viapo vya kina Masanja.

Mama Tatu analia. Aliiweka juu kabisa ili nikumbuke kwenda kwa jirani. Si kosa lake, nimemwambia mara tatu. Na Neema namkasirikia bure. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kiapo husomwa kuanzia chini, kwenye saini na muhuri, maana huko ndiko uvivu hujificha.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeenguliwa.

Nilijitetea karibu saa nzima mbele ya msimamizi wa uchaguzi. Nilisema ni kasoro ndogo, nia yangu ni safi, watu wasinyimwe chaguo lao kwa sababu ya muhuri. Neema aliinuka, akasoma aya moja ya uamuzi wa zamani, akakaa. Hakunitazama.

Ni shauri nililoshinda mimi, miaka saba iliyopita. Mjane alidai shamba lake, limeliwa na mashimo ya mteja wangu. Kiapo chake hakikuwa na tarehe. Nilisimama dakika tano, shauri likatupwa kabla mama wa watu hajafungua mdomo. Hakimu aliandika maneno yangu yalivyo: hakuna kasoro ndogo katika kiapo. Leo yamesomwa kwangu.

Nilisherehekea siku ile. Nakumbuka nyama choma. Jina la mjane silikumbuki.

Jumamosi, 9 Mei

Nimelitafuta jalada. Vumbi tupu. Jina liko ukurasa wa kwanza.

Mdhamini wangu wa kwanza. Mama Kulwa.

Jana niliumia. Leo nimeogopa. Ametembea jua kali kuniombea majina, na mimi sikumtambua hata sura. Alikaa mbele yangu mahakamani!

Jumapili, 10 Mei

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 11 Mei

Mama Kulwa amekuja asubuhi na kibakuli cha michembe, viazi vitamu vya kukausha. Pole kwa msiba, alisema, kama vile nimefiwa. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Sikuweza kula. Nilimuuliza kama alijua mimi ni nani.

"Nilijua, mwanangu. Ningekusahauje?"

Nikamuuliza kwa nini, basi, alinidhamini.

"Shimo analijua aliyelichimba. Nilitaka uende bungeni ukalifukie, lisimmeze na mwingine."

Hakulia. Mimi ndiye niliyetoa leso. Nilimwomba msamaha, maneno yakatoka ovyo, ya mtu asiyesoma sheria. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe. Alisukuma kibakuli karibu yangu.

Kisha akatoa karatasi. Jina la mjukuu wake limepishana, la shule na la kliniki, anatakiwa kuapa. Mama Tatu alinyoosha mkono ailaze kwenye rundo, nikaizuia.

Nimemsomea yote kwa sauti, polepole, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Ameapa. Ameweka dole gumba. Nimeandika tarehe kwanza, nikamwonyesha. Ndipo nikagonga muhuri.