Mama anamzungushia baba vitabu

Svala rafiki yangu, uko? Nimejifungia chooni kwa mama, hapa mjini Húsavík.

Unalijua lile daftari la baba: vitabu alivyosoma, alivyonunua na anavyongoja. Tulimzika Aprili, nikajua na daftari limezikwa.

Leo namkuta mama mezani na katalogi ya vitabu vya Krismasi, ile ambayo kila mtu huchagulia kitabu cha zawadi, imeletwa asubuhi. Anazungushia vitabu duara kwa kalamu ya kijani ya baba! Kisha anavihamishia daftarini, mpaka mwandiko kauiga.

Nikamuuliza, "Mama, hivyo vya nani?"

"Vya baba yako. Usiku wa Krismasi kila mtu analala na kitabu kipya; yeye alale bila, kakosa nini?"

Eti huwa anamsomea makaburini! Vilivyotoka kiangazi ameshavitia kwenye "alivyosoma". Kimoja kakiandikia, "Mwisho wake hovyo." Svala, hayo ni maneno ya baba kabisa.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikasema, "Haya, na vyako viko wapi? Wewe kila mwaka unazungushia mpaka karatasi inachanika."

Nikaifunua katalogi yote. Vya baba vipo. Vyangu kanichagulia, vya wanangu pia. Vyake hakuna hata kimoja.

Akaifunika kalamu taratibu. "Mimi mwaka huu singoji kitabu, mwanangu. Vya baba yako vinatutosha wawili."

Vinatutosha wawili, Svala! Kasema hivyo, halafu akaniuliza kama nimekula.