Gia ya Tano ya Bibi Harusi

Baba Zuhura,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya Bibi Harusi, kwenye gereji yetu hapa Temple Hills, mlango umefungwa na injini imezimwa. Usishtuke, gari lako ni zima. Ila kuna jambo nataka ulisikie kwangu mwenyewe, maana dada yako Mwanaidi akija huko siku yake ikifika, atalitia chumvi.

Mwanao amelitoa giaboksi.

Najua. Wewe ndiye uliyesema gari hili halitiwi kiungo cha mgeni. Lakini la zamani lilikwisha meno, mume wangu. Gia ya tatu ilikuwa inachomoka yenyewe, na ya nne, ukifika Beltway, ile barabara kuu ya mzunguko, ilipiga kelele mpaka tukawa tunasemeshana kwa mikono. Ndiyo maana ulikuwa unanizungusha njia za ndani na kusema unapenda kutazama nyumba za watu. Nilikuwa nakuacha tu useme.

Na wewe wamekulaza Virginia, mbali, njia nzima ni barabara kuu tupu. Siku walipokubeba sisi wanawake tulibaki hapa na masufuria na Yasini. Sikuona ulipolazwa. Kisha eda ikanifungia. Nguo nyeupe, dirisha, na yule jirani anayekata majani yake hata yakiwa hayajaota.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania jikoni? "Nikifa usinijie na gari la watu. Njoo na Bibi Harusi, nisikie makelele yake nijue mke wangu huyo." Nikakujibu, nani kakwambia utatangulia wewe. Basi ukatangulia.

Sasa nisikilize nijisifu kidogo, maana huku sina wa kumwambia asiyenionea kijicho. Zuhura akitoka kazini, kule Columbia Heights anakoangalia wazee, anakula, anavaa ovaroli lako, anaingia chini ya gari. Ovaroli linampwaya kiunoni, mabegani limemkaa sawa, mabega ni yako. Mimi nikampigia mama mmoja anayejua mambo ya dini, nikamuuliza, gereji ni ndani au ni nje? Akasema kama iko chini ya paa la nyumba yako, ni ndani. Basi eda yangu nusu nimeimalizia hapa, nimeshika tochi. Giaboksi jipya lilikuwa nene, Zuhura akagonga sakafu ya gari kwa nyundo mpaka likakaa. Propela shafti, lile bomba linalozungusha magurudumu ya nyuma, ikawa ndefu, akaipeleka ikakatwe. Wifi yangu Mwanaidi alipokuja akaona oili kwenye nguo yangu nyeupe. Akasema, "Wifi, hii ni eda au ni ufundi?" Nikamwambia vyote viwili, na chai iko kwenye chupa.

Elimu yangu mimi darasa la saba. Lakini wenzangu wenye watoto wanaofanya kazi za ofisini kule Shaw, nani kati yao mwanawe amelala chini ya gari, akatoka na giaboksi kifuani kama amepakata mtoto? Nitajie mmoja.

Eda imeisha, Baba Zuhura. Nimeoga, nimefukizwa udi, watu wamekula wakaenda zao. Na mimi bado nimo ndani. Nilidhani ni ile nguo nyeupe iliyonizuia. Nimeivua, na mlango uleule umenishinda. Mwanaidi ananiambia nitulie, mjane hana haraka. Zuhura anasema twende kwa gari lake, tutafika kabla ya adhuhuri. Sitaki. Ulisema nije na hili, na ulinifundisha kuendesha wewe, pale kwenye uwanja wa kanisa, ukijishika mlangoni kama unazama.

Ijumaa iliyopita nilijaribu. Nikawasha, nikakanyaga klachi, nikatafuta gia ya kurudi nyuma. Mkono ukaenda palepale pa zamani, kushoto juu, ulipouzoesha wewe. Kumbe siku hizi pale ni namba moja. Badala ya kutoka, Bibi Harusi akaenda mbele, akaukumbatia ukuta na gunia la mchele. Bampa imepata alama. Ndogo. Nikazima, nikarudi ndani, nikasema basi, hata gari halitaki nitoke. Nililia sana siku ile, na wewe ndiye uliyenikosea, maana mkono huu umejaa wewe.

Tangu hapo nakuja kukaa humu, mlango umefungwa, nabadilisha gia bila moto. Moja, mbili, tatu, nne. Kila nikifika nne naacha. Jana Zuhura akainama dirishani. Unamjua, Kiswahili anakisikia, kujibu ni Kiingereza chake. Jana akasema, "Mama, bado moja." Kwa sauti yako kabisa. Nikaitia.

Kulia, juu, hiyo ni ya tano. Kulia, chini, kurudi nyuma. Nimeshazishika.

Ijumaa hii nakuja. Naendesha mimi, Zuhura atakaa pembeni, na ameapa kunyamaza. Lakini ndilo hili nililotaka ulijue: kwenye gia ya tano hili gari limekuwa kimya kama gari la balozi. Hutalisikia. Utalala ukisubiri makelele na mimi nitakuwa nimeshafika. Usije ukadhani sikuja.

Kwa hiyo nimeshapanga. Nikikaribia geti la makaburi nitarudisha gia mpaka ya pili, na nitakanyaga mafuta. Litalia kama zamani. Majirani zako wanisamehe, na wewe ukisikia, usiulize ni nani.

Lala, mume wangu. Mlango wa gereji naufungua mimi.

Mkeo,
Mama Zuhura