Maua ya Mkaa

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kariakoo tu wazima. Mjomba wako anauza viatu vyake hapo chini, na mimi nilikuwa nashinda nimeshika simu, naogopa kimya chako huko Mwanza, mpaka barua yako ilipofika.

Umeniuliza kama unachanganyikiwa, maana tangu mama yako afariki unachora mikono yake tu. Hata mimi niliogopa hivyohivyo. Babu yako alipofariki nilikaa eda, na mwenye eda hapaki hina. Mimi niliyezoea kupaka maharusi nikakosa pa kuweka mkono. Nikachukua mkaa, nikachora maua kwenye boksi la viatu, kisha jingine, na jingine. Mawifi wakanong'ona kwamba nimerukwa na akili. Siku moja mama mkwe akaingia, nikajua atayachana. Akakaa mkekani, akafuata ua moja kwa kidole mpaka mwisho, ndipo akamlilia mwanawe kwa mara ya kwanza. Nami nikalia naye.

Basi chora, mama. Jana nilimwomba mjomba wako boksi. Nimeshika mkaa toka asubuhi na sijachora kitu. Naogopa, mikono ya mwanangu imeanza kunipotea. Nitumie mchoro wako mmoja wa mikono yake, niangalizie.

Bibi yako