Jora la Maua ya Njano

Jumatatu, 3 Juni

Jora limefika! Zima, halijaguswa — kijani, maua ya njano makubwa kama sahani. Mwenye duka la vitambaa kalileta mwenyewe begani, jasho linamtiririka, na kila aliyepishana naye kamwambia anakolipeleka. Eti, mchango wangu kwa kina mama huu! Haya, na asifiwe. Wangapi wana maduka na hawatoi hata uzi?

Kikundi chetu hakina mfadhili. Kila mtu anatoa kinachotoka mkononi mwake: mama wa mgahawa anatoa chakula, msusi anasuka nywele, mimi nashona. Mwenyekiti, nesi mstaafu, anatoa amri. Wasichana tulionao wamevuka mpaka na walichovaa tu, na tumewagawana majumbani kimyakimya. Wangu ni Chiriku. Jina tumempa sisi, maana hafungi mdomo! Ana miaka kumi na minne na baba yake mdogo ameshamwahidi kwa mtu. Mtu mwenyewe ana wajukuu.

Mwenyekiti kasema wote washonewe gauni la aina moja, asije mmoja akaona mwenzake kapendelewa. Nikapiga makofi mimi wa kwanza.

Alhamisi, 6 Juni

Mgongo sina. Lakini yamependeza, acha nijisifu, hakuna mwingine atakayenisifu humu ndani. Chiriku kavaa lake, kazunguka mbele ya kioo mpaka mama mkwe akamwambia ataanguka. Kasema hajawahi kuvaa nguo ambayo haikuanza kuvaliwa na mtu mwingine. Kisha kauliza kama anaweza kulala nalo. Lala nalo, nani kakukataza? Nikakimbilia jikoni kulia, nikasingizia kitunguu. Mama mkwe akataka kujua ni kitunguu gani, wakati leo tunakunywa chai.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi walitoka wote pamoja, wameshikana mikono, kwenda sokoni. Watu wanageuka! Muuza nyanya kaniambia wasichana wenu, fundi, wanaonekana mpaka ng'ambo ya daraja. Nikacheka. Nikavimba kichwa.

Jioni Mwenyekiti kaingia na ndala za bafuni. Yeye! Dereva wa lori kamwambia kuna mwanamume upande wa pili anapita kwenye foleni ya forodha na picha ya msichana. Mrefu, mpole, anajiita baba mdogo. Na watu wanamjibu, tena kwa nia njema kabisa: kama kavuka, mtafute kwenye maua ya njano.

Jamani! Wajinga sisi! Tuliwatawanya majumbani, tukawabadilisha majina, tukawakataza simu — halafu tukawavisha alama.

Jumatatu, 10 Juni

Tumekusanya magauni yote. Chiriku kagoma kuvua. Kashika kola kwa mikono miwili, mimi navuta, yeye analia, mama mkwe anauliza mnagombania nini asubuhi hii. Nikaona nilitie rangi nyeusi. Sufuria kubwa, chumvi, nimekoroga mpaka kwapa zinaniuma. Kitambaa kimekubali. Maua yamekataa! Sasa yamekuwa ya kahawia na yanaonekana kuliko mwanzo.

Chiriku kaliangalia kwenye kamba linachuruzika. Kasema si ungeniacha nilivae humu humu ndani, nani angeniona? Tena sura yake mji mzima umeshaiona, gauni lina kosa gani?

Jumanne, 11 Juni

Mimi na Mwenyekiti, ofisi ya ustawi wa jamii. Kufuli. Mlinzi kasema afisa yuko semina, atarudi wiki ijayo. Mwenyekiti kamwambia jambo letu halingoji wiki. Mlinzi kasema mama, hata mimi mshahara wangu anausaini yeye.

Bila barua ya afisa hatuwezi kumpeleka Chiriku ile nyumba ya hifadhi ya wasichana kule mjini. Kwenye kizuizi cha barabarani watasema tunasafirisha watoto, tutalala ndani sisi, na yeye atarudishwa vilevile. Kumhamishia kwa msusi? Jumapili kila nyumba yetu ilitoa gauni mlangoni, majirani wanashangilia. Hakuna nyumba ya siri tena!

Tukapita kituoni. Polisi wa zamu kijana mpole, katutafutia viti, katuita mama zangu. Kasema mlezi akija na karatasi zake kamili, na mtoto hana hata moja ya upande huu, yeye atamkabidhi. Angependa kusaidia. Afanyeje? Nikamngoja Mwenyekiti amkaripie, maana hajawahi kukosa neno. Akasema asante, mwanangu. Njia nzima akawa amenishika mkono. Hakuwahi kunishika mkono.

Jumatano, 12 Juni

Mwenye duka la vitambaa kapita saa ya chakula, meno yote nje. Kapata mteja mgeni! Mstaarabu, mrefu, kasifu sana lile jora, kauliza fundi gani ana mkono mzuri namna ile. Nimemwelekeza kwako, fundi. Nimekuletea kazi!

Nilitaka kumtukana. Matusi ninayo, Mungu anajua. Nilimtazama tu mpaka tabasamu likamwisha, akaanza kuuliza kafanya nini. Maskini, hana ubaya. Sisi sote hatuna ubaya, na mtoto ndiye anaangamia.

Chiriku alikuwa nyuma ya mlango. Kasikia yote. Hajala.

Alhamisi, 13 Juni

Yuko hapo mbele, yule baba mdogo. Naandika nimepiga magoti chumba cha nyuma, maana nisipoandika nitapiga kelele. Nimemwambia natafuta chaki.

Nilitarajia jitu. Kumbe viatu safi, sauti ya chini. Kamwamkia mama mkwe shikamoo, mama mkwe kaitikia marahaba mwanangu, kampa kiti na maji. Hajui ni nani! Nitamwambiaje, na mtu amekaa katikati yetu? Yule polisi mpole kasimama upande wa pili wa barabara, anaangalia simu. Hatazami huku. Na nyumba hii ina mlango mmoja.

Mgeni kafungua mfuko, katoa kitambaa cheupe, satini nzito, kakinyoosha juu ya meza yangu taratibu. Anataka gauni la harusi, la Jumamosi ijayo. Nikasema kazi zimenijaa. Kasema ataniachia nafasi, hana haraka. Nikasema basi alete bibi harusi mwenyewe nimpime, mimi sikati nguo kwa kukisia. Nikajiona mjanja, nikadhani nimemziba mdomo.

Kacheka kidogo, upole uleule. Kasema nisijisumbue. Vipimo vyake unavyo, fundi.

Chiriku yuko hapa, kati ya gunia la vitambaa na ukuta. Hajatoa hata sauti, yeye asiyenyamaza hata usingizini. Kanishika upindo wa gauni. Dirisha lina nondo. Namwambia kwa midomo tu asiogope, na mwenyewe ninaogopa kuliko yeye.

Huko mbele anauliza kama chaki imeonekana. Mama mkwe anamwambia avumilie, macho ya fundi yamechoka siku hizi, ila kuna mtoto humu ndani, mwepesi, ataitafuta mara moja.

Mama mkwe anamwita. Kwa jina. Mara ya pili sasa.

Chiriku ananitazama —