Onyo Lilipita Juu ya Kivaa

Baba,

Bado niko na hasira, utanisamehe. Mwezi uliopita watu wa serikali walituita Machakos mjini, sisi tuliofiwa, watueleze kilichokuua.

Haikuwa malaria, Baba. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Ile mvua uliyoifurahia ilizalisha mbu, mbu wakaambukiza mbuzi. Nakumbuka ulivyonipigia simu kazini Athi River: "Mwende, mbuzi wanatupa mimba mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kuona." Ukakunja mikono ya shati, ukamzalisha yule mbuzi mweusi kwa mikono mitupu, damu hadi viwikoni. Siku chache tu, homa. Zahanati wakakupa dawa ya malaria. Ulipoanza kutokwa damu puani tukakukimbiza hospitali kubwa, na... unajua.

Basi ofisa mmoja akasimama, akatuambia, tena kwa majivuno, kwamba tahadhari ilitolewa mapema. Wataalamu wa ng'ambo waliona mvua ikija. Nchi jirani zikapashana habari, zikafanya mkutano. Yote hayo kabla hujamgusa mbuzi yule! Mataifa yalijua, Baba. Mwenye mbuzi ndiye hakujua.

Nikasimama. "Kijijini kwetu Kivaa mlimwambia nani?"

"Taarifa ilitumwa kwa ofisi husika."

"Baba yangu si ofisi!"

Mama alinivuta sketi niketi. Sikuketi. Nikamwuliza ofisa yule kama hajui tuna redio ya Kikamba, tuna kanisa linalojaa kila Jumapili, chifu ana simu. Ilikuwa kazi gani kusema, msiwaguse mbuzi wanaotupa mimba kwa mikono mitupu? Akaangalia saa yake.

Tulipotoka, msichana anayefanya kazi na ofisa yule alinifuata mlangoni akaomba namba yangu. Wiki iliyopita akanitumia onyo jipya: ugonjwa umeonekana tena ng'ambo ya mpaka, na mvua imezidi. Sikungoja ofisi. Nikapanda basi kuja nyumbani, padre akaniruhusu, nikalisema kwa Kikamba baada ya misa.

Jana mbuzi wa jirani yako Mutua akatupa mimba. Mutua hakumgusa. Alisimama nje ya zizi akampigia daktari wa mifugo.

Yuko mzima, Baba. Nimemwona akinywa chai, na Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hadi nikalia.

Pumzika sasa. Onyo lolote likinifikia, halitalala kwangu.

Mwanao,
Mwende