Leo Tumemwimbia Patron

Jumanne, Bukavu. Mvua tangu asubuhi. Haya ninayaandika leo, lakini nitayabandika hapa kwenye ukurasa wangu wimbo ukishatoka.

Watu wananiona kwenye mabango kule Kadutu, miwani ya jua, kucha ndefu, wanadhani maisha yangu ni kucheka tu. Njooni muone. Leo sijaonja kitu zaidi ya chai.

Wimbo mpya unatoka Ijumaa, siku ya tamasha langu. Ulikuwa umebakiza libanga moja. Kwetu hakuna wimbo usio na mabanga: msanii anamtaja mtu mkubwa katikati ya muziki, waitikiaji wanalirudia jina lake, naye anatembea kifua mbele mwaka mzima. Safari hii mkubwa ni Patron Dido, mwenye mashimo ya dhahabu kule Kamituga. Jukwaa ni lake, jenereta ni lake, na vijana watakaolinda mlango ni wake. Mtu kama huyo humwambii hapana.

Shida ni Yaya Furaha.

Yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwetu, ni mwitikiaji wangu tangu tulipokuwa kwenye kwaya ya parokia. Mume wake, Cikuru, alifia katika shimo la Patron Dido msimu uliopita wa mvua. Wachimbaji walisema udongo umelowa, wakaambiwa washuke hivyo hivyo. Patron hakufika matangani, wala hakutuma mtu.

Nilimwomba Yaya abaki nyumbani, nitafute msichana mwingine. Alikataa.

"Ni kazi yangu. Nitakuya."

Basi amekuja. Na mjumbe wa patron naye amekuja, mzee mmoja mnene, tonton kama tunavyowaita, amejaza kochi la studio, simu mbili mapajani, kuhakikisha jina la bosi wake linasikika vizuri. Mimi namtazama Yaya tu. Nilijua atalia. Au atamtukana yule tonton, halafu tutakuwa wageni wa nani?

Hakulia. Nililitaja jina la patron, akaliitikia kwa sauti safi, bila kurudia kurekodi hata mara moja. Mjumbe akapiga makofi. Nilimwonea Yaya uchungu, na kusema kweli nilimkasirikia kidogo, maana nilitaka angalau akosee.

Kisha akamwambia fundi, "Acha muziki itembee. Nimebakisha moja."

Akaimba jina la mume wake. Cikuru, Cikuru wa Kamituga, pale pale nyuma ya jina la patron, kwa sauti ile ile ya kusifu.

Mimi nikamgeukia mjumbe.

Mjumbe akainua kichwa. "Huyu Cikuru ni nani?"

"Alikuwa anatumikaka kwa patron, papa. Mu shimo."

Tonton akafikiri. Halafu akatabasamu.

"Iko muzuri. Patron anapendaka watu yake. Muache."

Halijui! Mtu amefia kwao, na jina lake hawalijui.

Sasa ni jioni. Fundi amenipigia: alikate jina la Cikuru au aliache? Kulikata ni kazi ndogo, na tamasha langu linapona. Nikiliacha, iko siku mtu wa Kamituga atamnong'oneza patron Cikuru alikuwa nani, na wale vijana wa mlangoni ninawajua. Naogopa. Sijifanyi shujaa.

Nikampigia Yaya, nikitumaini ataniruhusu nilikate. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Mudogo wangu, kama unaogopa, kata. Lakini ukate majina yote mbili."

Mwishowe nimemwambia fundi asiguse kitu.

Ijumaa Patron Dido atakuwa mstari wa mbele. Akishasikia jina lake atasimama, atanyoosha mikono juu, na atakuwa bado anacheza wakati Cikuru anapotajwa. Yaya atakuwa nyuma yangu, anamtazama.

Mimi nitaweza kuendelea kuimba?